Mafunzo ya siku tatu ya maadili, mipaka na uchovu wa kazi hapa Kisumu: nililipa mwenyewe, na haya ndio maoni yangu

Kitu kilifanya nitoe pesa yangu niende hii semina ni kuku. Ngoja nieleze.

Mimi ni mfanyakazi wa jamii hapa Kisumu, mwaka wa kumi na moja sasa, kesi zangu ni za watoto, Manyatta, Nyalenda na kule chini Nyando. Mwaka jana nilikuwa na dani mmoja, yaani nyanya kwa Dholuo, analea wajukuu watatu peke yake, mama yao aliaga, na hio kesi ilinikalisha karibu miezi saba, vyeti vya kuzaliwa, basari, kwenda kwa chifu na kurudi, mpaka yule mkubwa akaingia kidato cha kwanza. Wiki tulifunga faili, dani akapanda matatu akaja ofisini na kuku jike, amemfunga miguu na kipande cha leso iliyozeeka, amembeba hapa chini ya kwapa vile mtu hubeba mtoto mdogo. Sasa ofisi yetu juu ya zawadi ilikuwanga na amri moja tu, usipokee kitu, basi. Supavaiza alikuwa amesimama mlangoni ananiangalia. Nikamwambia dani asante sana lakini haturuhusiwi. Akanyamaza, akaniangalia, akaangalia kuku, akasema "haya nyathina", haya mtoto wangu, akageuka akaenda na kuku wake, na kwa benchi kulikuwa na watu kama kumi wanaona. Tangu hio siku hakupiga simu tena. Miezi miwili baadaye ni mhudumu wa afya wa kijiji ndiye aliniambia yule mjukuu wa pili alipigwa na mjomba mpaka mkono ukavunjika, na dani alikataa kabisa kuja kwetu. Alisema kwetu alishafukuzwa.

Hio maneno imenikaa kifuani mpaka leo.

Kwa hivyo nilipoona tangazo la mafunzo ya siku tatu kwa watu wa kazi yetu, maadili, mipaka na uchovu wa kazi, hapa tu Milimani, elfu nane mia tano na chakula ndani, sikungoja ofisi inilipie, nikatuma. Jina la walioandaa siweki hapa, kwa sababu nina lawama zangu na sitaki kuharibia watu kazi, ukitaka kujua niulize tutaongea. Nitasema yale mazuri yote, juu ni mengi, na nitasema ile kitu moja iliniuma.

Tulikuwa watu ishirini na nane. Busia, Kakamega, Vihiga, Siaya, Homa Bay, na jamaa mmoja alitoka Nakuru akasafiri usiku akaingia darasani saa mbili asubuhi na bado macho mekundu. Kulikuwa na maafisa wa kaunti, watu wa mashirika, wawili wanafanya na waathiriwa wa dhuluma za kijinsia hospitalini, mama mmoja anasimamia makao ya watoto, na wale wa kujitolea ambao hawalipwi mshahara wowote lakini wamebeba kesi nyingi kuliko sisi. Mwalimu mkuu alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, amefanya hii kazi mashinani kabla aanze kufundisha, na hio unaisikia kwa dakika tano za kwanza. Hakusoma slaidi. Tulimwita madam siku zote tatu na yeye alituita "walimu wangu", sijui kwa nini lakini ilitufungua midomo.

Siku ya kwanza asubuhi ni ile ya vitabu na nitaipita haraka. Kanuni za maadili za NASW, chama cha wafanyakazi wa jamii wa Marekani, zilianza 1960, zile za IFSW, shirikisho letu la dunia nzima, zikapitishwa 2018, Katiba yetu ya 2010 kifungu cha 53 inasema maslahi ya mtoto ndio ya kwanza kwa kila jambo linalomhusu, Sheria ya Watoto ya 2022 ndio iliondoa ile ya 2001. Kama umesoma chuoni mengi unayajua. Nilichopenda ni vile alitumia hizo sheria kujibu swali la siri, juu wengi wetu tumefunzwa "siri ya mteja" kama wimbo na hatukufunzwa mahali siri inaishia. Akasema kitu cha kwanza kabisa kumwambia mteja, kabla hajafungua mdomo, ni ile mipaka ya siri yenyewe: utaniambia mengi na nitayaweka, lakini ukiniambia kuna mtoto anaumizwa ama wewe unataka kujiumiza, hio sitaweza kukaa nayo peke yangu, na nikienda kuisema utajua kutoka kwangu kabla ujue kutoka kwa mtu mwingine. Mimi miaka yote nimekuwa nikisema hio kitu katikati, mtu akishalia, wakati ishakuwa kama kumtega. Sasa naisema mwanzo. Imenigharimu kesi moja, mama alinyamaza akaenda, lakini wiki iliyofuata alirudi mwenyewe.

Mchana ilikuwa ya picha na data. Hapa kulikuwa na aibu ya kutosha kwa kila mtu. Madam aliuliza nani ana picha za watoto wa kesi kwa simu yake ya kibinafsi, mikono karibu yote ikaenda juu, juu wafadhili wanataka picha na supavaiza anasema tuma kwa grupu ya wasapu. Akatusomea vile Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inasema kuhusu mtoto, lazima mzazi ama mlezi akubali na lazima iwe kwa faida ya mtoto mwenyewe. Halafu akauliza kwa upole kabisa, hio grupu yenu iko na watu wangapi, na wangapi walishaacha kazi wakiwa bado ndani. Sisi tuko hamsini na sita. Kuna mtu aliacha kazi 2021 bado yumo, anaona majina ya watoto wetu kila Ijumaa ripoti zikitumwa.

Siku ya pili ndio ile nitakumbuka mpaka nistaafu.

Alianza na zawadi. Akauliza nani ana kesi ya zawadi inamsumbua, na mimi mkono ulienda juu hata kabla nifikirie. Nikasimulia kuku. Nilidhani ataniambia ulifanya vizuri ama ulifanya vibaya. Hakusema. Aliniuliza, "Dani alikuwa analeta nini?" Nikasema kuku. Akauliza tena. Nikasema shukrani. Akauliza mara ya tatu, na jamaa wa Busia ndiye alijibu badala yangu, akasema alikuwa anafunga deni, alikuwa anataka kusimama sawa na wewe. Mtu amekuja kwako miezi saba mikono mitupu akiomba, siku moja amekuja na kitu mkononi, na wewe umemrudisha na hicho kitu mbele ya watu. Nililia hapo, sitaficha.

Tukakaa kwa hio kuku karibu saa nzima. Jamaa wa Busia akasema kwao wanapokea lakini wanaandika kwa daftari la zawadi, tarehe, jina, nini, na inapikwa hapo hapo ofisini kila mtu anakula pamoja na wateja waliokuwa kwa foleni. Dada wa Vihiga akasema yeye hakatai ndizi wala mayai lakini kikapu hakirudi kitupu, anaweka sukari ama sabuni ya thamani karibu sawa, na madam akamrekebisha kidogo hapo, akasema hio inaweza kuwa biashara kati yenu bila kujua, kuwa makini. Afisa wa kaunti akakumbusha kuwa wao kama watumishi wa serikali wamefungwa na sheria ya maadili ya maafisa wa umma, hawana uhuru kama sisi wa mashirika. Halafu madam akatupa maswali ya kujiuliza kabla ya kusema ndio ama la, na nimeyaandika kwa jalada la daftari langu: imeletwa kabla ya uamuzi ama baada ya kesi kuisha? Huyu mtu amebaki na nini nyumbani baada ya kunipa? Nani anajua? Na yule anayefuata kwa foleni akiona, atadhani yeye pia lazima alete?

Lakini kile mimi sijawahi kuona kwa semina yoyote ni vile alitufanya tutafute maneno yenyewe. Si "onyesha heshima", si "kuwa na usikivu wa kitamaduni", maneno ya mdomo. Tukagawanyika kwa lugha, Wajaluo huku, Waluhya kule, wengine Kiswahili, kila kikundi kitafute sentensi mbili za kupokea na mbili za kukataa ambazo nyanya wa lugha hio akizisikia hatajisikia kufukuzwa. Yetu ya kukataa ilikuwa karibu hivi kwa Kiswahili: "Dani, heshima yako nimeipokea yote, kuku mpeleke watoto wale mayai, na nikija kuwatembelea utanionyesha vifaranga." Mara ya kwanza nilipoisema kwa sauti mbele ya watu nilijua hio ndio sentensi ilikuwa inanipungukia ile siku. Sentensi moja.

(Kwa wale watauliza, ndio, nilienda. Jumamosi baada ya semina, na faili ya yule mjukuu imefunguliwa tena, mjomba ako na kesi, na mkono wa mtoto umepona ingawa haujanyooka sawa. Dani alinipa nyoyo, mahindi na maharagwe, nikala. Hatukuongea juu ya kuku.)

Baada ya chai ikaja simu za usiku. Viti viwili, migongo ikiangaliana ili usione uso, madam ni mama wa mteja, wewe uko nyumbani saa nne na dakika arobaini usiku, watoto wako wamelala, simu inalia. Anaongea haraka haraka, bwana amerudi amelewa, anatafuta panga, nifanyeje, kuja. Mimi nilishindwa mara mbili. Si kushindwa kusaidia, kushindwa kuikata ile simu. Mara ya kwanza nilijikuta naahidi nakuja na boda. Saa tano usiku, mwanamke peke yangu, naingia kwa nyumba yenye panga. Madam akasimamisha akaniuliza, na ukikatwa wewe, kesho nani atafungua faili yake?

Alichotufunza ni maswali matatu kwanza, uko salama sai hii, watoto wako wapi, nani yuko karibu anaweza kukufungulia mlango. Halafu mahali pa kupiga, 1195 kwa dhuluma za kijinsia na 116 kwa mtoto, zote bure na zinashikwa usiku na mchana, na namba ya polisi wa karibu ambayo wewe na mteja mliandika pamoja mchana, siku ya kwanza ya kesi, wakati hakuna mtu anakimbia. Hapo ndio niliona kosa langu. Mimi nilikuwanga nawapa wateja namba yangu na nasema "nipigie saa yoyote", nikidhani hio ndio upendo, na kumbe nilikuwa nawanyima zile namba zingine, juu mtu mwenye namba yako hatafuti nyingine. Na siku simu yangu imezima? Mume wangu ameniambia hii kitu kwa miaka lakini mimi nilisikia wivu tu.

Mara ya tatu niliweza. Nilisema, "Mama, toka sasa na watoto uende kwa huyo jirani, piga 1195 ukiwa kwake, kesho saa mbili niko ofisini nakungoja wewe wa kwanza." Nikakata. Mikono ilikuwa inatetemeka na ni mchezo tu.

Halafu M-Pesa. Sijui kama alipanga ama ilimjia tu. Akatuambia kila mtu afungue simu, aende kwa meseji za mwezi uliopita, ahesabu pesa ametuma kwa wateja kutoka mfukoni mwake, nauli ya hospitali, unga, pedi, dawa, aandike jumla kwa karatasi bila jina, atie kwa boksi. Chumba kilinyamaza, ukasikia feni tu. Yangu ilikuwa elfu nne mia tatu hamsini. Sikuwa najua. Nilihesabu mara mbili. Jamaa wa Nakuru alikuwa karibu nami, alihesabu, akaweka simu kifudifudi kwa meza, akatoka nje akakaa kama dakika kumi. Na mmoja wa wale wa kujitolea, hii alisema mwenyewe baadaye kwa chakula, alikuwa ametuma elfu moja mia mbili, na yeye halipwi.

Madam hakutugombeza. Aliuliza, huyu umemtumia na yule hukumtumia, ulipima na nini? Na hio ndio maadili, si ndio? Mimi najijua, nilimtumia yule analia zaidi, si yule anahitaji zaidi. Kuna watoto wametulia tu nyumbani na njaa na sijawatumia kitu juu mama yao hana mdomo.

Hapo ndio jamaa wa Kakamega alisimama akasema kitu, na kutoka hapo ndio lawama yangu inaanza. Alisema, madam, hii tunafanya juu ofisi haina hata shilingi moja ya dharura, mtoto anahitaji nauli ya kufika hospitali leo na fomu ya kuomba pesa inachukua wiki mbili. Hii ni mipaka yetu imevunjika ama ni ya mwajiri? Madam akasema ni swali zuri, akabandika karatasi kubwa kwa ukuta, akaandika juu MAMBO YA WAAJIRI, akaandika hio ya kwanza, akasema tutairudia siku ya tatu.

Hio karatasi ikaanza kujaa. Simu ya ofisi, juu unawezaje kuzima simu ya kazi kama ni hio hio moja ya nyumbani. Gari ama mtu wa kuandamana nawe ukienda nyumba ya hatari. Kesi za jamaa: hii upande wetu ni kubwa, hapa kila mtu ni shemeji wa mtu, unafungua faili unakuta mshukiwa ni mtoto wa binamu ya mama yako. Kanuni za NASW zenyewe zinakubali kuwa kuna mahali hizi uhusiano mbili mbili haziepukiki, na zinasema basi wewe mfanyakazi ndio uchukue jukumu la kumlinda mteja na kuweka mpaka wazi, na madam akasema cha kwanza ni kumpa mwenzako faili. Vizuri. Dada wa Siaya akauliza, mwenzangu nani? Niko peke yangu. Ikaandikwa kwa karatasi.

Sasa siku ya tatu, uchovu wa kazi, ile wengi tunaita banauti. Asubuhi ilikuwa nzuri sana. Alitueleza ilikotoka, mwanasaikolojia Herbert Freudenberger huko New York mwaka wa 1974, akiangalia watu wa kujitolea kwa kliniki ya bure wanavyozima mmoja mmoja kama taa, na nilipenda kusikia kuwa hio neno ilizaliwa kwa watu kama sisi, haikuzaliwa kwa mabenki. Halafu Christina Maslach na Susan Jackson na maswali yao 22 ya 1981, yanapima vitu vitatu: kuisha nguvu za moyo, kuanza kuona mteja kama namba ama kama mzigo, na kujiona kazi yako haifanyi chochote. Na Shirika la Afya Duniani lilisema 2019 kuwa hii si ugonjwa, ni jambo linalotokana na kazi, na madam alirudia hio mara mbili, kutokana na kazi. Akatofautisha na ile maumivu unabeba kutoka kwa hadithi za watu, picha za kesi zinakurudia usiku, hio ni kitu kingine na inataka msaada mwingine.

Mimi kile cha pili ndio kilinishtua. Kuchoka nilijua nimechoka. Lakini nilikumbuka mwezi wa tano mama alikuja na mtoto amechomwa na maji moto, na kitu cha kwanza kiliingia kwa akili yangu ni "hii ni ya tisini na nne". Sikuona mtoto. Niliona faili. Mimi ambaye niliingia hii kazi juu ya watoto.

Halafu ikaja slaidi moja, na hii slaidi ndio ingekuwa siku nzima. Mambo sita ambayo Maslach na mwenzake Michael Leiter walisema ndio chanzo, mahali mtu na kazi yake vimekosana: mzigo wa kazi, uwezo wa kujiamulia, malipo na shukrani, watu unafanya nao kazi, haki, na kama kazi inaendana na kile unaamini. Angalia hayo sita tena. Hakuna hata moja mtu anaweza kumaliza nyumbani kwake kwa kitanda. Yote sita yako mikononi mwa yule anapanga kazi. Dakika kama kumi, tukapita.

Na mchana wote, kuanzia saa nane mpaka saa kumi na nusu, ilikuwa ni pumzi. Kuvuta pumzi, kushikilia, kuachilia. Kunyoosha shingo. Kunywa maji. Kutembea jioni. Kuandika vitu vitatu vya kushukuru. Mwalimu wa hii sehemu alikuwa kijana mwingine, mpole, sina neno na yeye, na pumzi yenyewe inasaidia, nimeitumia. Lakini nilikuwa naangalia ile karatasi kwa ukuta, imejaa mpaka chini, wameanza kuandika pembeni, na hakuna mtu anaitaja. Unaniambia nitembee jioni na jioni ndio naandika ripoti. Nina faili tisini na nne. Supavaiza wangu tunakaa naye mara moja kwa mwezi na swali ni moja, umefikia watoto wangapi, hajawahi kuniuliza hata siku moja ile ya mtoto wa maji moto ulilala vipi. Hio haiponi na shukrani tatu.

Nilinyoosha mkono nikasema, si kwa hasira, nilisema tu, madam, karatasi. Akaangalia saa. Akaangalia karatasi. Na nitamheshimu kwa jibu lake juu hakudanganya, alisema walishajaribu mara mbili kuita mameneja kwa nusu siku na hawaji, wanatuma mtu wa chini ama wanalipia watu wao wafunzwe wavumilie. Akasema pia kosa lao ni kukubali kuifundisha hivyo. Watu walipiga makofi lakini mimi sikupiga, nilikuwa na huzuni, juu ishirini na nane sisi tulikuwa tunarudi Jumatatu kwa mahali pale pale.

Mambo madogo madogo: ukumbi ulikuwa na joto, feni moja kwa watu thelathini na Kisumu unaijua saa nane mchana. Chakula kizuri, samaki siku mbili, hakuna mtu alilala njaa. Chai ilichelewa siku ya kwanza. Cheti ulipata siku hio hio, na risiti, hio ni muhimu kwa wale watadai ofisi. Makaratasi yote ya kubeba nyumbani yalikuwa Kiingereza, na hapa nalaumu kabisa, juu ukumbi ulikuwa unaongea Kiswahili, Dholuo na Kiluhya siku tatu na wale wa kujitolea ndio wanabeba mafunzo vijijini, sasa wataenda na nini? Na elfu nane mia tano kwa mtu halipwi ni pesa nyingi mno, wale wanne tulikuwa nao walilipiwa na makanisa yao, wangapi walibaki nyumbani.

Kwa hivyo uende ama usiende? Nenda. Kwa siku ya pili peke yake nenda, hata kama ingekuwa siku hio tu ningelipa hio pesa yote. Kama unafanya na watoto ama na wamama na hujawahi kukaa chini ukatafuta maneno ya kukataa kwa lugha ya mteja wako, hujui ni nini inakupungukia. Ukienda beba kesi yako halisi, ile inakunyima usingizi, usibebe ya kubuni, na futa majina. Usiende ukitarajia siku ya tatu itakuondolea uchovu.

Mwisho wa siku ya tatu nilimwomba madam ile karatasi ya ukutani. Alinipa, tukaikunja pamoja. Jumatatu nikaiweka kwa meza ya supavaiza wangu, nikamwambia hii si yangu, ni ya watu ishirini na nane wa kaunti saba, nisomee tu. Alisoma akiwa amesimama hapo kwa meza mpaka chini na zile za pembeni. Hakusema kitu siku hio. Alhamisi akaniita na dada wa deski ingine, akasema simu moja ya ofisi itanunuliwa na tutaishika kwa zamu wiki wiki, na daftari la zawadi lianze. Ya pesa ya dharura amesema mpaka bajeti ya mwaka ujao. Ya faili tisini na nne hajajibu. Simu ilikuja wiki jana, sasa hivi iko kwa huyo dada, na mimi zamu yangu ni kuanzia Jumatatu.